Ukianza kutembeza wageni Kigoma, panga siku kuanzia samaki

Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi ya kupokea wageni hapa Kigoma hunionyesha ratiba za aina moja: saa tatu Ujiji, saa tano stesheni ya reli, saa saba chakula, saa tisa ufukweni. Chakula wamekibana katikati, kana kwamba ni gari linaingia kituo cha mafuta. Ushauri wangu kwako unayeanza ni uipindue ratiba hiyo. Amua kwanza mtapika nini, nyumbani kwa nani, na moto utawashwa saa ngapi. Ujiji haihami. Samaki wa asubuhi hamngoji mtu.

Kabla hujamwahidi mgeni dagaa wabichi, tazama mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Giza likiwa zito, taa huwavuta wakaja juu hadi kwenye wavu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haiwavuti tena, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Mgeni akija wakati huo, mwambie mapema kwamba mtapika dagaa wakavu au mgebuka, samaki mwingine wa ziwa hili, naye atafurahi vilevile. Ulizia pia kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na aliyekuwa hana habari aliwaleta wageni mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, wakakuta boti zimepumzika.

Wapeleke mwalo wa Kibirizi asubuhi. Wageni wanaotoka Dar es Salaam waeleze kwamba sisi tuko mbali magharibi, na jua letu huchomoza na kuzama kama dakika 40 baada ya lao. Saa kumi na mbili wanayoijua wao kuwa kumekucha, hapa bado kuna giza. Ukifika mwaloni, salimia kabla ya mgeni kutoa simu yake kupiga picha. Wale akina mama wanaotandaza dagaa wako kazini. Mfundishe mgeni kusema "shikamoo" akiwa bado garini, mnunue kitu, ndipo uombe ruhusa ya picha. Atakayekataa, muache kwa heshima.

Hapo mwaloni usiwe na haraka, maana ndipo mgeni anapojifunza. Dagaa mbichi mzuri anang'aa kama ametoka majini sasa hivi, mwili umekaza na tumbo halijapasuka. Kwa dagaa mkavu, chota kiganja kimoja ukitikise juu ya karatasi nyeupe. Walioanikwa kwenye kichanja huacha magamba machache tu. Walioanikwa chini huacha mchanga, na mchanga huo hata ukiosha mara nyingi meno yatautambua. Mwache mgeni atikise mwenyewe, achague mwenyewe. Kipimo mkubaliane na muuzaji mbele yake, kwa sauti ya kawaida. Usimnong'oneze muuzaji. Mgeni akiona mnanong'onezana, siku nzima atadhani anapigwa.

Kutoka sokoni nenda moja kwa moja kwa mama atakayewapikisha, hata kama mgeni ana hamu ya kwenda Ujiji. Sababu yake ni sombe, yaani kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu yake ya asili, na dawa yake ni kutwangwa vizuri kwenye kinu na kuchemshwa muda mrefu. Hapo hakuna njia ya mkato, na usimruhusu mtu yeyote afupishe eti wageni wana njaa. Wageni watwange, wabadilishane mchi, sombe ibandikwe jikoni, mama na binti zake wabaki na moto. Sasa ndiyo mwende Ujiji, na muda wenu wa kutembea utapimwa na sufuria.

Kwenye makumbusho ya Ujiji, mgeni atakuwa anaijua habari ya Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871. Wewe mpe yale ambayo hakuyasoma. Mweleze kwamba Ujiji ulikuwa mji wa misafara kabla ya hapo, mwisho wa njia iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora, na kwamba walioitembea njia hiyo wakiwa wamebeba pembe za ndovu, au wakiwa wamefungwa minyororo, walikuwa watu wetu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapa mwaka 1858 kwa kuifuata njia ambayo wenyeji na wafanyabiashara walikuwa wameshaizoea. Mtaje Susi, mtaje Chuma, ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 waliongoza wenzao kuubeba mwili wake hadi pwani. Mimi nasisitiza sana hapa kwa sababu ukiwaacha hao, umesimulia nusu ya habari ukiwa umesimama kwenye ardhi yao. Ile miembe ya pale ni vizazi vya mwembe wa zamani; usimwambie mgeni kwamba ndio wenyewe.

Stesheni na bandari mpitie kwa ufupi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Meli ya Liemba ililetwa kutoka Ujerumani vipande vipande, ikaunganishwa hapa, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na adui, kisha Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927. Picha za bandarini ziombewe ruhusa kwanza. Hifadhi ya sokwe ya Gombe usiiingize katika siku hii hata mgeni akikubembeleza. Sokwe wanataka siku yao yenyewe, na mgeni mwenye mafua hapaswi kabisa kuwakaribia, kwa kuwa maradhi yetu ya kifua yanawaua.

Mkirudi, sombe imeiva na sasa inapokea mawese. Hapa msimamie mgeni kwa karibu. Mawese yapate moto wa wastani hadi yalainike na kitunguu kianze kunukia; yakiachwa yafuke moshi mzito, rangi na ladha vinapotea. Kwa tumbo lisiloyazoea, anza na kidogo. Uliza mapema nani hali karanga, nani hali samaki, na umuulize mpishi swali hilohilo kwa namna nyingine: "Mama, humu ndani kuna dagaa wa kuongezea ladha?" Mboga nyingi tunazoziita za majani huwa na dagaa ndani, na anayepika haoni kama ni jambo la kutaja.

Ugali wa muhogo ndio utakaowachekesha na kuwachosha. Unavuta, unagandamana na mwiko, na mtu anaposonga lazima sufuria ishikwe vizuri. Kanga na mikono mirefu ya nguo ikunjwe, watoto wasogezwe. Mgeni asonge kidogo, kisha mama amalizie, maana ugali wenye mabuja hakuna anayeufurahia. Wakati wa kunawa, wazee watangulie. Nyumba nyingine za Ujiji wanaume na wanawake hula mbalimbali. Waeleze wageni kabla hawajavua viatu, si wakiwa wameshaketi. Mwezi wa Ramadhani siku yote hii isogeze, mpike alasiri mle pamoja futari.

Jioni ndiyo ya kula nje. Chagua mahali pa kando ya ziwa ambapo samaki unamwona mzima kabla hajawekwa kwenye makaa. Ukimpata kuhe, mchukue. Nyama yake ni tamu na wageni wengi hawajawahi kumwonja kwa kuwa ni samaki wa ziwa hili peke yake. Agizeni saa kumi na moja na nusu, kwa sababu kuchoma kunachukua muda na jua halitazama kwenye milima ya Kongo hadi karibu saa moja. Wanaotaka kuogelea wasiingie penye matete na maji yaliyotuama, kwani kichocho kipo.

Malipo ya mama aliyewapikisha yakubaliwe jana yake, yakijumuisha mkaa na mawese yake, na uyaweke mkononi mwake mwenyewe. Usiyapitishe kwa mwenye bajaji wala kwa jirani aliyewatambulisha. Asubuhi mkinunua samaki, nunueni wa kutosha na nyumba yake, maana watoto wake wamekuwa wakinusa sufuria tangu asubuhi. Mgeni akitaka kubeba mawese, yawe kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, kifungwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Dagaa wakavu wafungwe karatasi kwanza ndipo waingie kwenye mfuko, la sivyo watatoka jasho njiani na kuharibika kabla treni haijafika Dodoma.