Unataka kutengeneza dokyumentari na huna bajeti? Mwangalie kwanza huyu mama wa Mongolia

DM zangu zimejaa swali moja tu, kaka nianzeje dokyumentari, nina simu na kamaiki ka kubana shatini basi, hela sina. Siku hizi jibu langu ni jina la mtu: Byambasuren Davaa. Najua ni gumu, likopi ukalitafute.

Huyu mama kazaliwa 1971 Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, enzi hizo nchi ikiwa bado ya kikomunisti. Akaanzia televisheni ya taifa, mtangazaji na msaidizi wa dairekta, akasoma filamu hukohuko kwao, afu mwaka 2000 akaenda Ujerumani kusomea dokyumentari chuo cha filamu cha Munich. Hiyo sehemu watu huwa wanairuka wanakimbilia kwenye Oscar.

Sasa akiwa bado mwanafunzi, yeye na mwenzie wa chuo, Muitaliano Luigi Falorni, wakafunga safari mpaka jangwa la Gobi kwa familia moja ya wafugaji na kutoka hapo ikazaliwa The Story of the Weeping Camel, 2003. Stori yenyewe unaimaliza kabla chai haijapoa. Ngamia anazaa kwa tabu sana, watu inabidi wamsaidie kumvuta mtoto, mtoto anatoka mweupe, mama anamkataa, kila akisogea kunyonya anafukuzwa. Basi watoto wawili wa kiume wa ile familia wanapanda ngamia wanatumwa mjini wakamlete mpigaji wa morin khuur, ile ala yao ya nyuzi mbili yenye kichwa cha farasi juu, aje ampigie huyo mama mpaka moyo ulainike. Ndo hivyo tu. Na ikateuliwa Oscar 2005 upande wa dokyumentari, haikushinda, lakini nani leo anajali.

Ninachotaka ujifunze hapo ni swali. Filamu nzima imebebwa na swali moja ambalo hata bibi yako kijijini atalielewa bila kuelezwa: atamnyonyesha au hatamnyonyesha? Hakuna sauti ya mtangazaji inayokufundisha utamaduni wa Mongolia, hakuna profesa kakaa mbele ya kabati la vitabu. Ukishakuwa na swali la hivyo unaweza kuingiza chochote na mtu hatoki, na wao wameingiza mengi tu, babu anayesimulia kwa nini ngamia hana pembe (alimwazima paa na hajarudishiwa mpaka leo, ndo maana anaangalia mbali), mtoto mdogo anayelilia tivii, mambo ya betri. Vijana wengi wanaoniandikia wananiambia "nataka kufanya dokyumentari kuhusu uvuvi". Sawa, uvuvi, lakini mi nikikaa kuangalia nasubiri nini?

Mi mwenyewe kazi yangu ya mkate ni harusi na send-off, ila hii njia nimeijaribu Pangani kwa mzee mmoja fundi mashua. Kuunda mashua ni mada pana, utapotea, nikachukua swali dogo tu, itashushwa majini kabla upepo haujageuka? Nilikuwa naenda bila kamera kwanza, shikamoo, nakaa, namshikia ubao, kahawa, naondoka. Kamera ilivyokuja kutoka mzee akaniuliza "we kijana, hiyo yako haichoki?" afu akaendelea kutia kalafati, anasokota pamba anaipigilia kwenye viungo vya mbao, tu tu tu, kashasahau kama nipo. Hiyo tu tu tu huipati kwa kumuuliza maswali mbele ya stendi ya kamera, hata umlipe.

Rudi Gobi. Kuna kipande kiangalie hata mara kumi. Yule mpigaji kabla hajaanza anaining'iniza ala kwenye nundu ya ngamia, upepo unapita kwenye nyuzi, ala inalia yenyewe. Hakuna aliyeharakisha kukata. Baadaye mama wa familia anaimba huku anampapasa ngamia, na machozi unayaona kwa macho yako. Ile desturi mwaka 2015 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, sasa fikiria hawa walishaipiga picha miaka mingi kabla.

Kuna wanaolalamika kwamba baadhi ya vipande unaona kabisa watu wamepangwa. Ndio, unaona. Mi sina shida na kumwambia mtu "hebu pita tena hapo" kama ni njia anayopita kila siku, shida yangu ni ukimtengenezea kilio ambacho hana.

Baada ya hapo hakukimbilia mabomu na magari. 2005 akatoa The Cave of the Yellow Dog, binti wa wafugaji kaokota mbwa pangoni na baba hamtaki, na wanaocheza ni familia kweli ya wafugaji. Ile ya 2009 kuhusu wimbo wa zamani, akiwa na mwimbaji Urna, kwangu imepoa kidogo, sijui labda ni mimi. Afu kimya, mpaka 2020 akaja na Veins of the World, sasa hiyo ni ya kutunga kabisa, wafugaji na makampuni ya kuchimba dhahabu, ikaonyeshwa tamasha la Berlin. Kwa hiyo ukiambiwa usipopost kila wiki utasahaulika, we waache na mambo yao.

Anza na ya ngamia, zima simu. Ya mbwa angalia na watoto, subtaito wasomee we mwenyewe. Ukimaliza niandikie swali la filamu yako, liwe sentensi moja, mada sitaki.