Insha ya kodi ya intaneti: anza na hesabu

Mdogo wangu, nimekuelewa: mwalimu anataka insha kuhusu kodi ya intaneti hapa Uganda, uchungu unao ila hoja hazijakaa sawa, na ukimaliza unataka kuiweka mtandaoni.

Kwanza tenganisha kodi mbili, maana wengi huzichanganya. Ya kwanza ilianza Julai 2018: shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook na nyinginezo. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 kwenye data.

Hapo ndipo pa kukaa. Chukua muuza mitumba wa Owino, lile soko la Kampala, anayenunua data ya shilingi 500 kwa siku, na tajiri anayenunua ya 5,000. Kodi ya kwanza iliwatoza wote 200: kwa muuza mitumba ni sawa na asilimia 40 ya data yake, kwa tajiri 4 tu. Ya pili ni kama shilingi 60 kwa muuza mitumba na 600 kwa tajiri. Ile ya kwanza ilimwonea maskini, liandike waziwazi. Ila wengi waliikwepa kwa VPN, yaani programu inayoficha unachofungua mtandaoni. Hii ya sasa haikwepeki hivyo, na inamgusa hata asiyefungua mitandao ya kijamii.

Hoja ya serikali nayo uipe haki yake: barabara na hospitali zinahitaji fedha.

Kabla ya kuichapisha, ondoa majina ya watu na matusi. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ilikazwa 2022, na ina adhabu ya kifungo. Kama umemtuhumu mtu yeyote humo, mwone wakili kwanza.