Tairi za ranfleti na mashimo ya Nairobi

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Nimenunua BMW ya mtumba juzi, kufungua buti hakuna spea hata jeki, muuzaji akaniambia eti hiyo haihitaji spea, tairi zake ni ranfleti. Ni ukweli ama nimechezwa?
Baba Shiku, Umoja

JIBU: Hujachezwa ndugu yangu, lakini usishangilie bado. Tairi ya kawaida inabebwa na upepo, upepo ukitoka ubavu unalala na rimu inaanza kuitafuna, sasa ya ranfleti ubavu wake umejazwa raba nene ngumu kiasi kwamba hata upepo uishe wenyewe unabeba gari. Nyingi zinakupa kama kilomita 80, na usipite spidi ya 80. Usiku Outering Road hiyo ni baraka, husimami gizani kubadilisha gurudumu. Lakini ukipata pancha ukitoka tu Mtito Andei kwenda Voi, hapo zaidi ya kilomita 90, utaomba Mungu.

Ubaya? Ni ngumu, kila shimo utalisikia kiunoni, bei iko juu, na ukishaiendesha bila upepo mafundi wengi hawakubali kuiziba, ni kununua ingine. Na ile taa ya presha kwa dashibodi usiipuuze kabisa, maana kwa macho huwezi jua imetoboka.

Mimi ningebeba spea, hata kama inakula nafasi ya mizigo.