Noti ikianguka, inama uokote

Mwanangu mpenzi,

Odio yako nimeisikiliza mara mbili, mama yako naye ameisikiliza. Unasema kule Bangkok, Thailand, noti ilikuponyoka sokoni, upepo ukataka kuibeba, ukainua mguu uikanyage, na yule dada mwenye munanunua naye mizigo akakuvuta mkono kwa nguvu eti juu yake iko sura ya mfalme. Sasa unauliza: papa, ni kweli mtu anaingia buloko juu ya mfalme tu?

Ni kweli, tena si siku mbili. Sheria yao, artikle 112, inatoa miaka 3 mpaka 15 kwa kumtukana mfalme, malkia, mrithi ao mwenye kushika kiti kwa niaba yake, na ni kwa kila kosa, sikia vizuri, juu njo pale watu wanapotelea. Kulikuwa mzee mmoja, Ampon, walisema ametuma SMS 4, mwaka wa 2011 wakamkata miaka 20, yaani mitano mitano, na mwenyewe alikuwa anasema kutuma SMS hata hajui. Alifia mulemule buloko 2012. Ule mzee ananiuma sana, bana. Na kushitaki si kazi ya polisi peke yao, mtu yeyote anaweza kwenda kukushitaki, hata mwenye mulikosana naye bei. 2017 mwanafunzi wa sheria, Jatupat, alipewa miaka 2 na nusu kwa kusambaza Facebook habari ya BBC juu ya mfalme mpya, na watu zaidi ya 2,000 walikuwa wameisambaza ileile! Mgeni naye haimuachi, 2007 Muswisi mmoja alipata miaka 10 kwa kupaka rangi picha za mfalme, mpaka mfalme mwenyewe akamsamehe.

Usiseme ni mambo ya huko. Siye hatuna mfalme lakini sheria ya kumvunjia heshima Mkubwa wa Inchi iko hapa kwetu Kongo tangu 1963. Na kumbuka 30 Juni 1960, siku ya uhuru wetu, Lumumba anasimama mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji anataja matusi na fimbo tulizokula asubuhi, mchana na magaribi, na vile mtu mweusi alikuwa anaitwa "tu", "vous" ikabaki ya wazungu. Wakasema amemtukana mfalme! Mie ile hotuba naisoma tangu kijana, sijaona tusi, naona mtu anahesabu matusi yenye alitukanwa. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa hapa karibu na mji wetu.

Lakini wewe, mama, ulienda kununua nguo na viatu, ile sheria watoto wa kwao njo wanapigana nayo na wanaumia. Kwa hiyo nakuomba, ile picha ya kumcheka mfalme yenye kaka yako alitupa kwenye grupu ya familia, futa kwenye telefone leo, usimtumie mtu. Wimbo wao wa taifa ukilia saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, simama. Na noti ikianguka tena, inama uokote.

Papa yako,
Lubumbashi