Kabla Hujapiga Windows Upya, Itazame Diski Kwanza

Kwa miaka kama minane hivi nilikuwa mtu wa kupiga Windows. Kompyuta ikianza kusuasua tu, Ijumaa jioni nahamishia faili kwenye diski ya nje, nachomeka flashi, nafuta kila kitu na kuanza upya. Jumapili usiku mashine inawaka kama imetoka dukani, na mimi najiona fundi. Ndugu na marafiki nao wakanizoea. Ya mtu ikikwama kidogo, anaambiwa ampelekee yule aifomati. Nilifomati nyingi sana. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya hizo nililetewa tena kabla hata miezi mitatu haijaisha.

Iliyonifungua macho ni laptopu ya dada yangu. Ilikuwa ikiwashwa inachukua karibu dakika nne mpaka uweze kufungua barua pepe. Nikaipiga Windows, ikashuka hadi dakika moja na ushee, akafurahi. Wiki tatu baadaye akanipigia: "Kaka, imerudia." Nikapiga tena. Ikarudia tena. Mara ya tatu nilichoka, na kwa uchovu huohuo sikuchomeka flashi. Nilikaa kitako, nikaiwasha, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, lile dirisha linaloonyesha kila sehemu ya mashine inafanya kazi kiasi gani, nikatazama tu bila kugusa kitu.

Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa imelala, ramu (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) ina nafasi ya kutosha, lakini safu ya diski ilisoma asilimia 100 na haikushuka. Ajabu ni kwamba kiasi cha data kilichokuwa kinasomwa hakikufika hata megabaiti moja kwa sekunde. Ilikuwa kama mkokoteni uliozama kwenye matope: watu wanasukuma kwa nguvu zao zote, gurudumu halisogei. Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake. Ikaja rangi ya njano na idadi ya sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri kuhamishwa. Diski ilikuwa inakufa. Kila ilipofika sehemu mbovu ilijaribu kusoma, ikashindwa, ikarudia, na muda wote huo Windows inangoja.

Sasa kwa nini kila nilipopiga Windows ilipata nafuu? Diski ikiombwa kusoma sekta mbovu hung'ang'ana nayo, lakini ikiombwa kuandika juu yake, inaitupa na kuweka nyingine ya akiba. Kwa hiyo nilipoandika mfumo upya, baadhi ya sehemu mbovu zilikwepwa, na faili nyingine zikaangukia mahali penye afya. Kisha ubovu ukaendelea kutambaa. Kumbe muda wote huo nilikuwa nambadilishia mgonjwa shuka na kujisifu kwamba nimemtibu.

Siwacheki wanaoamini dawa hii, maana ina asili yake. Enzi za Windows 98, na hata XP iliyotoka mwaka 2001, kupiga upya kulikuwa na mantiki. Programu zilipenda kuandika faili zao juu ya faili ambazo programu nyingine zilizitegemea, ukiondoa moja inaacha mabaki, na siku moja printa inagoma bila sababu. Diski zilikuwa za sahani inayozunguka, zina mkono unaokimbia huku na huku kutafuta vipande vya faili vilivyotawanyika. Kila safari ya mkono huo huchukua milisekunde kumi au zaidi, maana yake kwa sekunde nzima unapata vipande mia moja kwa shida. Faili zikikatikakatika, lazima uhisi uzito. Lakini Windows Vista ilipokuja mwaka 2007 ilianza kuzipanga faili hizo yenyewe kwa ratiba, na SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, haina mkono wowote wa kukimbiza. Sababu nyingi za zamani zimekwisha, ila mazoea yamebaki. (Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasafisha rejista ya Windows, pale mipangilio ya mfumo na programu inapotunzwa, ili mashine ipae, ziache. Sijaona hata moja iliyoongeza kasi, na nimeona zilizoharibu.)

Je, kupiga Windows kunaongeza kasi? Kunaongeza, kwa sababu kunaondoa kila kitu ulichorundika. Shida ni kwamba wewe mwenyewe unakwenda kukirudisha. Safari moja niliamua kuandika kwenye karatasi kila programu niliyoirudisha kwenye mashine yangu wiki ya kwanza baada ya kufomati. Zilifika 14, na sita kati yake zilijiandikisha kimyakimya ziwe zinajiwasha pamoja na Windows: ya kupiga simu za video, ya kuhifadhi faili mtandaoni, mbili za michezo, ya printa, na moja ambayo mpaka leo sielewi ilitaka nini. Mara iliyofuata mashine ilipokuwa nzito, kabla ya kufomati nilikwenda kwenye Task Manager, sehemu ya programu za kuanza, nikazizima zote sita. Kazi ya dakika kumi. Tofauti kati ya hapo na mashine iliyopigwa upya sikuiona kwa macho, na wikiendi yangu niliilala.

Mambo mengine nayapitia haraka. Laptopu ikiwa na feni inayounguruma na kasi inashuka baada ya nusu saa ya kazi, hilo ni joto: prosesa hujipunguza mwendo yenyewe isiungue, na kufomati hakupulizi vumbi. Kama una ramu ya gigabaiti 4, kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, na umefungua kurasa ishirini za intaneti, mashine inatumia diski kama ramu, na hapo hata uipige Windows kila asubuhi. SSD nayo ikijaa mpaka pomoni hupungua kasi. Mimi huacha kama robo ya nafasi wazi.

Zipo siku ambazo sisiti kupiga upya. Virusi vikiingia vizuri, sihangaiki kuvisaka kimoja kimoja, maana huwezi kujua kilichobaki. Mashine iliyokuwa ya mtu mwingine, au ninayoiuza, lazima. Na pale mfumo unapokuwa umeharibika hadi masasisho hayaingii, baada ya kujaribu kwanza amri ya sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha faili za Windows zilizoharibika. Hapo natengeneza flashi, ya gigabaiti 8 kwenda juu, kwa programu ya Microsoft yenyewe. Ile njia ya kurudisha mashine kwa nakala iliyofichwa na mtengenezaji siipendi, kwani mara nyingi inarudi na takataka zote ilizozaliwa nazo. Baada ya hapo usipime kasi siku ya kwanza. Mashine inashusha masasisho na kuorodhesha faili zako, itaonekana nzito bure.

Kuna hasara moja inanikaa rohoni. Jamaa mmoja mwenye biashara ndogo aliniletea kompyuta yake. Nikanakili Desktop, Documents, picha, kila nilichokijua, nikafuta diski nzima. Alipokuja kuichukua aliwasha, akaweka upya programu yake ya hesabu, akaifungua. Ilikuwa tupu. Programu ile ilikuwa haihifadhi kumbukumbu kwenye Documents. Iliziweka ndani ya folda yake yenyewe, kule kwenye diski C. Hesabu za miaka miwili. Hakunigombeza. Alibaki anabonyeza ile orodha tupu, anaifunga, anaifungua tena. Ningeweka Windows bila kufuta diski, vitu vya zamani vingekuwa ndani ya folda iitwayo Windows.old na ningevirudisha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kama umeamua kupiga, usinakili folda unazozijua tu. Chukua diski nzima. Ingia kwenye folda ya AppData iliyofichwa, ndiko kurasa ulizoziwekea alama kwenye brauza na mipangilio vinakoishi. Mwulize mwenye mashine anatumia programu gani kila siku, na kila moja inaweka kazi zake wapi. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa chochote, maana ukiombwa katikati ya kazi na hunao, faili zilizomo ndani umeziaga.

Laptopu ya dada nilibadilisha diski, nikaweka SSD. Hapo ndipo nilipoipiga Windows kwa mara ya mwisho, kwa sababu diski ilikuwa mpya na haina kitu. Inawaka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Huu ni mwaka wa nne, ana programu kibao na kurasa hazifungi kamwe, na hajanipigia simu ya "imerudia".

Juzi nimeletewa nyingine. Nimeitazama usiku mmoja: diski ina afya, ramu ipo, joto la kawaida. Ilikuwa na antivirusi mbili, kila moja inakagua faili ambayo mwenzake anaikagua. Nimeondoa moja, imetulia. Mwenyewe ameijaribu, amekubali inakimbia, halafu ameniuliza kama bado nina nafasi wikiendi hii niipige Windows tu, awe na amani.