Unahamia chuo Mombasa? Tafuta kitanda cha ndani

Barua ya uhamisho huchelewa. Ikifika mkononi, vitanda vya hosteli vishagawanywa: mwaka wa kwanza wamepewa kwanza, waliosalia wamegombania kwenye mtandao wa chuo. Wengi wanaohamia hapo hukata tamaa, wakaenda kupanga nje. Mimi nilifanya hivyo, na nakuomba wewe usifanye haraka hiyo.

Nilipanga chumba Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na feri kwa anayekwenda kwa miguu ni bure. Kivuko chenyewe ni kama nusu kilomita ya maji tu. Lakini kipindi cha saa moja asubuhi hakingojei feri. Unasimama na umati, unavuka, kisha ng'ambo unaanza kutafuta matatu. Hata hivyo, si kuchelewa kulikoniumiza zaidi. Siku moja niliingia darasani nikakuta wenzangu wanakusanya karatasi. Mtihani wa katikati ya muhula ulifanywa kabla ya siku yake, na habari ilipita usiku, mlango kwa mlango, hosteli. Mimi nilikuwa ng'ambo.

Anayehamia ana shida ambayo wengine hawana. Baadhi ya masomo yako ya zamani hayatakubaliwa, kwa hiyo utasoma somo moja na mwaka wa kwanza, mawili na mwaka wa pili. Ratiba yako ni ya viraka, na hakuna darasa moja linalokujua. Ukilala ndani, watu wa miaka yote hiyo unakutana nao bombani na kwenye foleni ya chapati. Ndiyo maana nasema: muhula wa kwanza, hata kitanda kibaya cha ndani ni bora kuliko chumba kizuri cha mbali.

Kukipata, usitegemee mtandao. Nenda mwenyewe ofisi ya hosteli na barua ya uhamisho, kitambulisho na risiti ya karo, uombe jina lako liandikwe. Wapo walioshika vitanda wasilipe, wapo wasiokuja kabisa, na vitanda hivyo hurudi. Mimi muhula uliofuata nilienda Jumatatu tatu mfululizo. Ya tatu yule mama wa ofisini alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe huchoki? Haya, leta risiti."

Ukipewa nafasi ya kuchagua chumba, tazama kwanza korido. Ukiona madumu yamepangwa ukutani, kila moja limeandikwa namba ya chumba kwa rangi, jua mfereji hautoki kila siku. Hapo ghorofa ya chini ina thamani: maji yakitoka kidogo hayapandi juu, na dumu la lita 20 ngazi nne utalibeba wewe. Ghorofa ya juu kabisa ina adhabu nyingine, hasa miezi ya kaskazi kabla ya masika. Zege la paa hushika jua kutwa, usiku likakurudishia. Uliza kama feni inaruhusiwa. Kisha, kama kitanda cha deka, kile cha juu na chini, kina godoro, liinue, umulike na simu kwenye viungo vya mbao. Vidoa vyeusi ni kunguni.

Na mwenzako wa chumba, zungumza naye mapema kuhusu taa, wageni na saa za kulala. Hapa Mombasa mfikirie pia Ramadhani: huenda ataamka kula daku kabla ya alfajiri nawe una mtihani asubuhi. Mkikubaliana mapema, mtaishi kama ndugu.

Ukikosa kabisa, na chuo chako kiko kisiwani, panga kisiwani. Wa Chuo Kikuu cha Kiufundi, kilichoko Tudor, wakipanga Tudor kwenyewe au Makupa wanatembea hadi darasani. Chumba cha nyumba ya Kiswahili Majengo si kibaya, ila choo na bafu ni vya wote huko uani, basi zungumza na mwenye nyumba, umuulize maji huletwa na nani na kwa bei gani. Lipa mwezi mmoja mmoja, ili kitanda kikipatikana uhame.

Siku ya kuingia hosteli njoo na chandarua na kufuli mbili, ya mlango na ya kabati. Godoro usinunue kabla hujapima kitanda. Vya deka ni vyembamba. Na dumu lako liandike namba ya chumba siku hiyohiyo.