Cooper Black ilinipa kazi, halafu ikaniaibisha matangani

Juzi dada mmoja amenitumia meseji, ati hiyo fonti nono niliweka kwa toroli ya smoki hapa Kondele inaitwaje, anaitaka kwa duka lake la chipsi. Dada, inaitwa Cooper Black na sikufichi, lakini kabla uidaunlodi wacha nikuambie venye ilinifanya.

Kwanza niringe kidogo. Ile toroli ni kazi ya mkono wangu. Jina la biashara tu, njano juu ya kahawia, herufi zimebanana kama abiria wa matatu ya jioni, na mwenyewe ananiambia hata watu wa boda wanaisoma wakiwa mbio. Hiyo fonti imezeeka kushinda babu yangu, Oswald Cooper aliichora huko Chicago ikatoka 1922, ncha zote ameviringa hadi hakuna pahali pa kukukata jicho, ndio maana ukiiangalia ni kama mtu mnene anakuchekea. Miaka ya sitini na sabini ilijaa kwa kava za santuri. Mpaka leo easyJet, wale wa ndege za Uingereza, jina lao liko nayo.

Sasa aibu. Nilitoka kwa toroli kichwa kimefura, wiki hiyo hiyo familia moja ya Nyakach ikanipa programu ya mazishi ya mzee wao. Jina la mzee nikaliweka kwa kava na Cooper Black, kubwa, halafu, Mungu anisamehe, nikaendelea nayo mpaka wasifu wote, kurasa nne, saizi 10. Nakala 300. Jumamosi nafika bomani, kijana wake wa kwanza anashika moja, anaigeuza, ananiuliza polepole, "Omera, hii ni bathdei ya nani?" Watu kwa tenti wakacheka. Mama hakucheka. Na wakati wa kusoma, matundu ya a na e yalikuwa yamezibwa na wino, msichana aliyepewa kusoma akakwama kwa shule ya msingi ya mzee, akakunja karatasi akamalizia za kichwani. Pesa zangu walinilipa zote bila neno, na hiyo ndiyo imeniuma mpaka leo, afadhali wangenitukana.

Kwa hivyo sikizeni, hasa nyinyi vijana mmejua Canva mwezi jana mkajiita madizaina. Neno moja ama mawili, saizi kubwa. Tumia herufi ndogo, ukiweka zote kubwa inakuwa ukuta. Bei na namba ya simu weka fonti nyembamba ya kawaida. Kwa stika iko sawa kabisa, mashine ikishakata unabandua mabaki bila herufi kuchanika, si kama zile za miguu ya mbu. Na nimesema neno moja ama mawili? Narudia. Fonti haikosi, ni wewe hujauliza nani atasimama mbele yake na amebeba nini moyoni. Mimi sikuuliza, nilikuwa busy kujipenda.

Chipsi ni raha, dada, weka tu. Kwa ukuta lakini, si kwa menyu. Ukitaka nikufanyie, nusu unalipa kwanza. Za mazishi bado nafanya, siku hizi ni Times New Roman, naprinti moja, na mtu wa boma lazima aione kabla sijagusa hizo 299 zingine.